Tufe la Mnara wa Olšinka

Vlasta Hrubešová alipoambiwa kwamba tufe la mnara litafunguliwa Jumamosi mbele ya watu wote, alisema "vizuri sana", akamshukuru meya kwa kumpigia, akakata simu, kisha akaenda kujifungia chooni robo saa nzima. Hakuwa na haja ya choo. Alitaka tu mahali penye komeo.

Kosa lilikuwa la upepo. Katika mwezi wa tano ulivuma kutoka upande wa msitu kama umetumwa, ukang'oa vigae vya kikanisa, ukaupinda msalaba wa juu mpaka ukawa unamtazama mzee Hynek Votruba dirishani kwake. Mafundi wakapanda, wakagongagonga, wakasema boriti za mnara zimeoza, kila kitu kishuke: msalaba, bati, na lile tufe la shaba lenye ukubwa wa boga. Kikaoni Vlasta alisimama akapendekeza wabandike kiraka tu. Watu walimkodolea macho. Huyu ndiye mwandishi wa kumbukumbu za kitongoji, mwanamke ambaye akiona jiwe la mpaka limelala upande anaandika ukurasa mzima, leo hataki kuona karatasi za zamani?

Maana ndani ya tufe kuna karatasi. Kila mnara wa nchi ile una tufe lake, na ndani ya tufe kuna kopo lililolehemiwa, na ndani ya kopo watu wa jana wanawaandikia watu wa kesho: tuko wangapi, viazi vimekuwaje mwaka huu, nani mwenyekiti, nani kaezeka paa. Likishapandishwa halishuki mpaka paa lioze. Kabla ya mwaka 1976 tufe la Olšinka lilikuwa limekaa juu miaka mia moja na saba. Vlasta, akiwa na miaka ishirini na nne, akapiga hesabu yake: miaka mia moja na saba mingine, itakuwa 2083. Nani atakuwa hai? Hakuna. Basi akaandika ukweli kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino, akaikunja karatasi mara nne akaipenyeza katikati ya zile zilizopigwa chapa, kabla fundi hajalehemu. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto mchanga.

Miaka arobaini tu! Nani angejua kwamba boriti mpya za mwaka 1976 zilipigwa misumari na walevi wa ushirika wa kilimo?

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Mwaka 1973 wilaya ilileta fomu. Ilitaka kujua kila kitongoji kina nini: nyumba ngapi, watu wangapi, basi linapita umbali gani, maji yanatosha au hayatoshi. Kwa majibu hayo wakubwa wangeamua kitongoji kipi kiendelee kuishi na kipi kiachwe kife taratibu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bohumír Tesárek, mtu mrefu, mpole, hodari wa nyuki na mvivu wa karatasi. Karani wake alikuwa Vlasta, bibi harusi wa mwaka mmoja, aliyekuwa akiishi na mumewe Evžen kwenye chumba cha nyuma cha mama mkwe, ambako hata sufuria ya maziwa hakuruhusiwa kuihamisha. Alikuwa amesikia huko wilayani kwamba familia za vitongoji vitakavyofungwa zitatangulizwa kwenye foleni ya nyumba za ghorofa mjini, zenye bomba la maji moto. Kwenye safu ya maji akaandika: visima vinakauka kuanzia mwezi wa sita, chemchemi haifai kwa matumizi. Tesárek akatia sahihi bila kusoma, kwa kuwa nyuki walikuwa wanahama mzinga saa ileile, na kwa kuwa alimwamini.

Uongo mtupu, tena wa mchana kweupe! Olšinka imepewa jina kwa miti ya olše, na olše haioti mpaka mizizi yake ilowe. Ukichimba shimo la kumfukia kuku, unakuta maji. Lakini nani wa wilayani alikuja kuangalia? Mwaka uliofuata ikaletwa barua yenye mhuri: Olšinka ni makazi yasiyo ya kudumu. Marufuku kujenga, marufuku kuongeza chumba, marufuku hata banda la mbuzi. Shule ikafungwa, kituo cha basi kikahamishiwa bondeni, vijana wakaondoka mmoja mmoja. Nyumba zilikuwa thelathini na moja. Leo zinazotoa moshi wakati wa theluji ni tisa, zilizobaki ni za watu wa mji wa Brno wanaokuja kuchoma soseji mwisho wa wiki na kulalamikia jogoo.

Lawama ikamshukia aliyetia sahihi. Tesárek hakujitetea hata siku moja. Waliomfuata na matusi aliwaambia, "Sahihi ni yangu," akarudi kwenye mizinga yake. Alipokufa, mwaka 1991, waliomzika walitosha benchi moja. Vlasta alikuwa miongoni mwao, na shada lake la maua ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Na yeye, ghorofa aliipata? Aliipata. Orofa ya tatu, maji moto, dirisha linalotazama dirisha la wenzao. Evžen hakuweza kulala kwa kelele za lifti. Baada ya miezi minane mama mkwe akapooza upande mmoja, wakarudi Olšinka kumuuguza, na walipotaka kujijengea bafu wakaambiwa hapajengwi kitu. Kwa miaka kumi na tano Vlasta alioga kwenye karai jikoni. Hakuwahi kulalamika, na watu walimsifu kwa uvumilivu.

*

Ijumaa asubuhi alivaa koti zuri, akaweka chupa ya slivovice, ile pombe kali ya matunda, kwenye kikapu chini ya kitambaa, akaenda kikanisani. Tufe lilikuwa limeshashushwa, limekaa kwenye nyasi ndani ya sanduku la mbao. Fundi wa bati, mwanamume mnene mwenye penseli sikioni, alikuwa amelikalia sanduku lenyewe akila mkate.

"Fundi, habari za kazi?"

"Kazi ni kazi, mama."

"Nilikuwa naomba kulitazama hilo tufe kidogo. Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu."

"Litazame."

"Nataka kulitazama kwa ndani."

Fundi akatafuna, akameza, akaliangalia koti lile, akakiangalia kikapu. "Bwana meya amesema lisifunguliwe mpaka kesho saa nane. Amelitia utepe na mhuri. Hata mimi nikiketi hapa najisikia kama mlinzi wa benki."

Vlasta akafunua kitambaa. Fundi akaitazama chupa kwa huzuni ya kweli.

"Mama, usinitie majaribuni. Nimeacha tangu Pasaka."

"Basi mpelekee mkeo."

"Yeye ndiye aliyeniachisha."

Vlasta akakifunika kikapu. Kana kwamba hayo hayatoshi, mzee Hynek akatokeza nyuma ya ua na toroli lake. Mzee huyu ana miaka themanini na moja, na mdomo wake haujawahi kukaa likizo.

"Loh! Bi Vlasta na chupa kikanisani, saa tatu asubuhi! Mwacheni fundi wa watu, ana mke!"

"Hynek, nenda ukalishe sungura zako."

"Wameshiba. Mimi ndiye nina kiu." Akainyoosha shingo kuelekea kwenye sanduku. "Mwenzenu hata sikulala kwa hamu. Kesho tutajua yote. Tesárek lazima aliandika kitu humo. Mtu aliyeizika Olšinka hawezi kwenda kaburini kimya hivihivi. Na kama hakuandika, basi alikuwa mwoga pia."

Vlasta akamwachia Hynek chupa yote ili aondoke. Akarudi nyumbani akijiambia kwamba karatasi ni moja tu katikati ya nyingi, huenda isionekane. Lakini alijua itaonekana. Meya alikwisha sema kwamba kila karatasi itapita mkono kwa mkono, na kwamba zote atazipiga picha aziweke kwenye mtandao wa kijiji. Hata kama yeye, mwandishi wa kumbukumbu, ndiye atakayezisoma mbele ya watu, hangeweza kuificha mkononi kama mcheza karata.

Saa sita meya mwenyewe akagonga mlango. Radim Kubišta ana miaka thelathini na nane, ni meya wa kijiji kikubwa cha bondeni ambacho Olšinka iko chini yake, kijana mzuri, mchapakazi, na kila anachokigusa anataka kukiboresha. Alileta karatasi mpya itakayofungiwa ndani ya tufe: historia na jiografia ya Olšinka, aliyoiandika Vlasta majira ya baridi yaliyopita na kuihariri mara sita.

"Imepigwa chapa vizuri, Bi Vlasta. Imebaki sahihi yako. Nimerekebisha kidogo tu pale kwenye miaka ya sabini."

"Umerekebisha nini?"

"Wewe uliandika 'iliamuliwa'. Sasa msomaji wa miaka mia ijayo atauliza, iliamuliwa na nani? Nimeweka jina. Kwa uzembe wa mwenyekiti Tesárek, aliyetoa taarifa za uongo."

Vlasta akaiweka karatasi mezani. "Radim, binti yake atakuwepo."

"Najua, na namwonea huruma. Lakini historia ni historia, na hilo watu wote wanalijua. Au mimi nimekosea? Wewe ulikuwa karani wake. Kama siyo kweli, niambie sasa hivi nifute."

Ndiyo hiyo nafasi, imeletwa mpaka mlangoni, imevuliwa viatu na kukaribishwa ndani. Ni sentensi moja tu. Vlasta akaitazama kalamu ya meya, akatazama viatu vya meya, akasema, "Si vizuri kumtaja marehemu, basi." Radim akatabasamu kama mtu anayemwelewa bibi yake. Vlasta akatia sahihi.

Mimi simtetei. Alikuwa na miaka sitini na nne na hofu ya mtoto aliyevunja dirisha.

*

Jioni jua likiwa bado liko juu ya misonobari, alikuja Drahuše Tesárková kuazima kitambaa cha meza. Drahuše ni huyo binti wa mwenyekiti, miaka hamsini na minane, mwembamba, mikono imekomaa kwa kazi. Hakuolewa. Kulikuwa na kijana wa bondeni alimtaka, zamani, lakini mama yake kijana akasema hataki damu ya Tesárek nyumbani kwake, na kijana akawa mtiifu kuliko ilivyompasa. Kila mwaka kwenye sherehe ya kikanisa Drahuše anaoka kolache, vikeki vya mviringo vyenye mbegu za mpopi, laini kuliko za mtu yeyote, na kila mwaka sinia lake ndilo la mwisho kuisha.

"Shoga, cheupe au cha maua?" Vlasta alimuuliza, amefungua kabati, amempa mgongo.

"Cheupe. Nataka kesho pawe pazuri." Drahuše akaketi kwenye ukingo wa kiti, jambo asilolifanya mara nyingi. "Vlasta, nikuulize kitu, usinicheke."

"Nikucheke nini?"

"Unafikiri baba aliandika chochote humo ndani?"

Vlasta akazidi kupangua vitambaa. "Aliandika taarifa ya kamati. Niliipiga chapa mimi."

"Hiyo najua. Nasema kingine, cha kwake. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akieleza. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikamuuliza, baba, kwa nini uliandika kwamba hatuna maji, na ndoo imejaa hapo mlangoni? Akaniambia, sahihi ni yangu. Nikamchukia, Vlasta. Nilimpikia miaka kumi na minane na nilikuwa namchukia. Sasa nafikiri, labda aliona aibu kuniambia mimi, akawaandikia watu wa kesho, kule juu ya mnara." Akacheka kidogo, akajifuta pua. "Mjinga mimi, eh?"

"Si mjinga."

"Wewe ulikuwa naye ofisini kila siku. Alikuwa mtu wa kusema uongo?"

"Hapana," Vlasta alisema. "Hakuwa mtu wa kusema uongo hata kidogo."

Drahuše akangoja. Alingoja kwa muda mrefu, akimtazama mgongo. Vlasta akageuka na kitambaa cheupe, akamkabidhi, akamwambia kina doa dogo pembeni, aliweke upande wa ukutani. Alipofunga mlango aliketi sakafuni palepale pa viatu na kulia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu ya nafsi yake.

*

Jumamosi saa nane watu walikuwa kama sabini, wa Olšinka na wa bondeni na wale wa Brno na mbwa wao. Palikuwa na bia, palikuwa na soseji, bendi ya zimamoto ilipiga nyimbo mbili na nusu kwa sababu mpiga tarumbeta alikuwa anaumwa jino. Meza ya kolache ilitandikwa kitambaa cheupe. Vlasta alisimama karibu na meya, miwani shingoni, mikono ameificha chini ya makwapa. Asubuhi hakuweza kumeza hata chai.

Fundi akakata tufe kwa mkasi wa bati, akatoa kopo. Alipolitikisa, ndani kukasikika kitu kikichezacheza. Fundi akakunja uso. Akalehemua mfuniko, akaliinamisha, na maji yenye kutu yakamwagika juu ya kiatu chake.

"Yesu na Maria!" alisema. "Nani alilehemu hili, kinyozi?"

Watu wakaguna kwa huzuni. Radim akazivua karatasi moja moja kwa ncha za vidole akazitandaza juu ya meza. Zile zilizopigwa chapa zilikuwa zimegeuka rangi ya chai lakini zinasomeka. Vlasta akavaa miwani akasoma, na sauti ikamtii. Wakazi mia moja na arobaini na wawili. Ng'ombe themanini na tisa. Wajumbe wa kamati, kwa majina. Orodha ya waliojitolea kuezeka. Chini kabisa, B. Tesárek, mwenyekiti.

"Basi?" alisema mzee Hynek.

"Basi," alisema Radim.

Vlasta hakutaka kumtazama Drahuše, lakini macho yalikwenda yenyewe. Drahuše alikuwa ameshika sinia tupu kifuani kwa mikono miwili.

"Kuna moja zaidi," Radim alisema. Akainua karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua polepole. Vlasta akaitambua mikunjo yake. Karatasi ikafunguka, ikaonekana mbele ya watu wote: doa kubwa la bluu toka juu mpaka chini, wino wote umeyeyuka na kusambaa, hakuna hata herufi moja iliyosalimika. Radim akaiinua kwenye jua, akaigeuza huku na huku. "Hii iliandikwa kwa mkono. Haisomeki. Bi Vlasta, unakumbuka ilikuwa nini?"

"Sikumbuki," alisema Vlasta.

Na furaha iliyomjaa! Nikisema furaha nasema furaha hasa, ya kumfanya mtu acheke ovyo hadharani. Miaka arobaini na mitatu amebeba, siku mia moja tangu ule upepo hajala akashiba, na sasa limekwisha, limeoshwa, hakuna duniani wala mbinguni anayeweza kujua. Akavuta pumzi mpaka tumboni. Akasikia harufu ya soseji na kwa mara ya kwanza akaona njaa.

"Haya, tusihuzunike," Radim akapaza sauti. "Sisi tutalehemu vizuri zaidi. Bi Vlasta, tusomee ya kwetu kabla hatujaifunga."

Akasoma, tena kwa sauti nzuri, kichwa juu. Kitongoji cha Olšinka kiko mita mia sita na kumi juu ya bahari, kwenye mteremko unaotazama kusini. Upande wa kaskazini kinapakana na msitu, upande wa mashariki na mashamba ya mawe. Kilitajwa kwa mara ya kwanza katika hati za mwaka 1412, kikateketea mara mbili, kikajengwa mara mbili. Kijito chake kinaanzia chini ya nyumba namba tisa. Kina chemchemi tatu. Maji yake ni mengi na mazuri, na kwa kadiri watu wanavyokumbuka hayajawahi kukauka.

Hapo ulimi ukasita kidogo, kwa sababu maneno hayo aliyaandika mwenyewe majira ya baridi na hakuona yanavyomsuta. Akaendelea. Mwaka 1974, kwa uzembe wa mwenyekiti—

Akainua macho. Drahuše alikuwa ameshainamisha kichwa. Hakungoja jina litajwe. Aliinama mapema, kwa mazoea, kama ng'ombe anayejua fimbo itatua wapi, na watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamesogea hatua moja pembeni bila hata kujua kwamba wamesogea.

Vlasta akatazama chini ya karatasi. Sahihi yake ilikuwa pale, wino wake bado unang'aa.

"Endelea, Bi Vlasta," Radim alinong'ona.

"Si yeye," Vlasta alisema.

"Eh?"

"Hakuandika Tesárek. Niliandika mimi." Akarudia kwa nguvu mpaka mbwa mmoja akabweka. "Ile fomu ya maji niliijaza mimi! Yeye alitia sahihi tu. Na hiyo karatasi yenye doa ni yangu, nilikuwa nimeandika humo, nikijua mtaisoma nimekufa!"

Mzee Hynek akaangua kicheko. "Jua limempiga huyu! Mpeni maji! Anasema Olšinka haina maji na maji yamepanda mpaka mnarani!"

Watu wakacheka, wakafurahi kupata cha kucheka. Mwanamke mmoja akamshika Vlasta mkono, akamwambia akae kidogo, hajala. Radim akainama sikioni mwake, mpole kabisa. "Bi Vlasta, una moyo mzuri. Unamwonea huruma Drahuše. Lakini bila ushahidi siwezi kuandika hivyo. Tuondoe tu jina, basi, yaishe."

Walimpa mlango wa pili wa kukimbilia. Mlango wenye zulia! Wangemkalisha kivulini, wangemletea supu, na mpaka kufa wangemsifu kwa huruma yake. Nakwambia alikaa. Aliketi kabisa kwenye kiti walichomletea, kwa sekunde mbili tatu. Lakini Drahuše alikuwa ameweka sinia chini na anakuja, watu wanampisha, na alipofika akasimama mbele yake.

"Sema tena."

Vlasta akasimama. "Niliandika mimi."

"Uliandika nini? Maneno yenyewe."

"Visima vinakauka kuanzia mwezi wa sita. Chemchemi haifai kwa matumizi."

Kicheko kikakatika. Maneno yale walioyajua walikuwa watatu au wanne, waliowahi kwenda wilayani kuipinga barua na kuonyeshwa fomu, na Hynek alikuwa mmoja wao.

"Ndivyo," alisema Hynek, polepole. "Ndivyo ilivyoandikwa. Neno kwa neno."

"Kwa nini?" aliuliza Drahuše.

"Nilitaka nyumba ya mjini. Yenye maji moto."

"Na baba alijua?"

"Alijua ilipokuja barua. Alikuja ofisini, akafunga mlango. Nilidhani atanipiga. Akaniuliza kama nina mimba, nikasema ndiyo, ingawa ilikuwa imeshatoka. Akaniambia, basi, sahihi ni yangu. Hakulitaja tena."

Drahuše hakulia. Uso wake ulikuwa mweupe, na pua imechongoka. "Miaka ishirini na mitano tangu nimzike," alisema. "Jana nilikaa jikoni kwako. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukanipa kitambaa chenye doa."

Kila neno alilolifikiria Vlasta lilikuwa la kujiombea yeye.

"Bwana meya," Drahuše akasema bila kugeuka, "mpe karatasi."

Radim, masikio mekundu, akatoa karatasi safi na kalamu. "Aandike. Tutaifunga kwenye kopo pamoja na—"

"Kwenye kopo aisome nani, kunguru? Aandike, mimi naibandika ubaoni."

Ubao wa matangazo wa Olšinka uko pembeni ya lango la kikanisa, wenye ratiba ya taka na tangazo la mbwa aliyepotea. Vlasta akaandika kwenye meza ya kolache, watu wakimwangalia mikono. Alijaza ukurasa mzima, akaweka mwaka, fomu, safu ya maji, ghorofa, orofa ya tatu, jina lake kamili na namba ya nyumba. Drahuše akaibandika kwa pini nne, mahali ambapo yule mbwa alikuwa.

"Simama hapa," akamwambia. "Usiondoke mpaka wote wasome."

Wakapita mmoja mmoja, kama wanavyopita mbele ya jeneza. Wengine walimtazama usoni, wengine waliona haya wakatazama viatu. Mwanamke aliyemshika mkono alipita akiwa ameificha mikono mfukoni. Mzee Hynek alisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani, akamwambia "chupa yako nitakurudishia", akaenda kuketi peke yake. Watu wa Brno walisoma kwa adabu bila kuelewa uzito wake. Vlasta alisimama, jua linampiga utosini, na hakuna aliyemletea kiti.

Wa mwisho alikuwa Drahuše. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka chini. Kisha akarudi juu, akaanza upya, kama anatafuta kitu.

"Umeandika jina la mumeo," alisema. "Umeandika la mama mkwe. Lako lipo mara tisa, nimehesabu." Akamnyooshea kalamu. "La baba halipo."

Vlasta akatazama. Ilikuwa kweli, halikuwepo popote. Akaichukua kalamu, akategemeza karatasi kwa kiganja cha kushoto, akaanza kuliandika, na ubao ukawa unayumba kila alipokandamiza kalamu, hata Drahuše akalazimika kumshikia.